Barua Pepe ya Jicho Halilali

Meja mstaafu Odyek alipoanzisha kampuni yake ya ulinzi aliiita Jicho Halilali, na kwa muda mrefu jina hilo ndilo lililokuwa mali kubwa ya kampuni. Ofisi ilikuwa Ntinda, mjini Kampala, chumba kimoja juu ya duka la dawa. Stoo ya viatu, virungu na yunifomu ilikuwa Nakawa, nyuma ya soko. Mwenyewe aliishi kilimani Mbuya, ambako mtu akisema "napanda juu" majirani hudhani ameitwa makao makuu ya jeshi yaliyo kileleni. Odyek alikuwa akipanda juu kununua mkate, lakini hakuwahi kumsahihisha mtu.

Wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara: Wakongo, Wakenya, watu wa Juba, na Waganda wachache waliofanya biashara nao. Wote hao waliandikiana naye kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha pekee ambayo kila mmoja wao aliikosea kwa kiasi kilekile.

Kampuni ilikuwa na anwani moja tu ya barua pepe. Omolo, Mkenya aliyesimamia zamu za walinzi pale Ntinda, aliwahi kupendekeza kila mtu afunguliwe ya kwake. Odyek alimtazama kama mtu aliyependekeza kikosi kiwe na bendera tatu.

"Jeshi moja, sauti moja," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, ambamo "na" ilitosha kwa kila nafsi. "Anwani moja, paswedi moja. Mambo ya kugawanyika ndiyo naangusha serikali."

Basi anwani hiyo moja ikafunguliwa kwenye kompyuta ya Ntinda, ili Omolo achapishe ratiba za zamu, na kwenye kompyuta ya Nakawa, ili Akumu, mtunza stoo, apokee maombi ya viatu. Akumu alikuwa mjane wa askari polisi, mtu wa Lira kama Odyek mwenyewe, mwenye sauti iliyosikika hadi upande wa pili wa soko. Odyek aliifungua akaunti hiyo kwenye kompyuta zote mbili kwa mkono wake. Kila kompyuta ilipomuuliza kama imkumbuke, alibofya ndiyo. Aliona ni haki ya mtu wa cheo chake kukumbukwa.

Kisha akatoa amri. "Kila mtu nasoma barua yake tu. Ya mwingine hapana gusa. Nasikia?"

"Ndiyo, afande," walijibu Omolo na Akumu.

Hakuna aliyeuliza mtu atajuaje kwamba barua si yake kabla hajaifungua. Kwa hiyo walizifungua zote, wakazisoma hadi mwisho, na kila waliyogundua kwamba haiwahusu waliifunga kwa utii mkubwa. Odyek naye alitulia. Amri ilikuwa imetoka, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona amri yake ikivunjwa. Kwa kweli hakuwahi kurudi nyuma kutazama.

Kompyuta ya tatu alikuwa ameisahau. Ilikuwa nyumbani Mbuya, sebuleni, chini ya kitambaa alichokifuma mkewe. Aliifungua wakati malaria ilipomlaza, akaendesha kampuni akiwa amejifunika blanketi, na alipopona akaondoka bila kufunga chochote.

Mkewe aliitwa Kaltumi. Alikuwa Mnubi wa Bombo, binti wa dereva wa malori, na alifundisha Kiswahili sekondari mpaka alipostaafu. Walioana yeye akibaki na msikiti wake na mumewe akibaki na kanisa lake, na ugomvi wao mkubwa katika miaka yote hiyo ulikuwa juu ya ngeli.

Siku moja Kaltumi aliwasha kompyuta atafute mtindo mpya wa kufuma. Badala ya mitindo akakuta barua za kampuni. Hakukusudia kusoma. Ila ya juu kabisa ilikuwa haijatumwa bado, ipo kwenye rasimu, na kosa la kwanza lilikuwa katika mstari wa kwanza.

Mteja mmoja wa Ntinda, mwenye duka la magodoro, alikuwa amelalamika kwamba mlinzi aitwaye Hamim alikutwa amelala langoni mchana kweupe. Odyek alikuwa ameandika hivi:

"Barua yako nimepata. Mlinzi yetu halali. Alifunga macho kwa sababu ya mbinu. Wewe chunga magodoro. Meja Odyek."

Kaltumi alisoma mara mbili. Kwanza akarekebisha "mlinzi yetu" ikawa "mlinzi wetu," na hapo angeweza kuishia. Lakini mwalimu akishashika kalamu nyekundu haachi ukurasa nusu. Alifungua barua za nyuma akaona kwamba Hamim huyo alikuwa ameumia mguu akimfukuza mwizi, na dawa za maumivu ndizo zilizomtia usingizi. Akafuta yote, akaandika upya. Aliomba radhi kwa niaba ya kampuni, akaeleza habari ya mguu, akasema mlinzi huyo atapewa mapumziko na mwingine ataletwa mahali pake. Mwishoni akaweka: "Kwa unyenyekevu, Meja Odyek."

Sasa, Odyek hakuwa mtu wa kutuma barua papo hapo. Jeshini alifundishwa kwamba kilichoandikwa kwa hasira kilale kwanza. Kwa hiyo aliandika asubuhi Ntinda, akaacha barua kwenye rasimu, na alasiri akaituma kutoka Nakawa bila kuisoma tena. Kwa nini aisome? Aliyeiandika alikuwa yeye, na yeye alijiamini.

Mwenye magodoro akajibu kwa furaha. Omolo, aliyesoma barua isiyomhusu, akampa Hamim mapumziko akidhani ni agizo la mkubwa. Hamim akapanda ngazi za ofisi kwa shida, akasimama wima mbele ya meza.

"Asante, afande. Mungu akuzidishie. Sikutegemea."

Odyek hakujua anashukuriwa kwa lipi. Lakini shukrani ni kitu ambacho mkubwa hupokea kwanza, akauliza baadaye, na Odyek hakuuliza kabisa. "Ni kazi yangu," alisema, akampungia mkono atoke.

Tangu hapo Kaltumi hakuweza kuacha. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri aliketi sebuleni na chai na gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, akafungua rasimu za mumewe. Aliondoa matusi, akapanga sentensi, akaongeza salamu. Palipokuwa na amri akaweka ombi. Palipokuwa na kitisho akaweka ahadi. Wateja wakaanza kumsifia Odyek mitaani. Mkenya mmoja mwenye malori alimwambia hakuwahi kuona mwanajeshi mwenye moyo laini namna hii. Odyek aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja siku nyingi dunia igundue jambo hilo.

Nyumbani alizidi kujiona. "Watu wa Kampala wanajua kusoma mtu," alimwambia mkewe wakila. "Mimi naandika maneno kidogo tu, lakini yanaingia."

"Yanaingia kweli," alisema Kaltumi, akamwongezea mchuzi.

Ndipo akaja Emérence. Alikuwa mfanyabiashara Mkongo kutoka Bunia, mwenye maghala kadhaa upande wa viwanda wa Nakawa, na alitafuta kampuni ya kuyalinda yote. Aliandika barua fupi yenye swali moja. Mlinzi wake wa zamani alipigwa na wezi, na kampuni iliyomwajiri ilikuja kuhesabu magunia kabla ya kuuliza hospitali aliyolazwa. Je, mlinzi wa Jicho Halilali akiumia, ninyi hufanya nini?

Odyek aliandika: "Mlinzi yetu haumii. Ni kama chuma."

Barua iliyomfikia Emérence ilisema: "Mlinzi wetu akiumia, tunakwenda kumwona yeye kwanza. Kilichoibiwa tunakiuliza baadaye."

Emérence alipiga simu siku ileile. "Afande, ile neno yako imenigusa sana. Nimeisomea hata dada yangu kule Bunia. Niko karibu kukubali."

"Neno gani?" aliuliza Odyek, akitaka kulisikia tena kwa mdomo wa mtu mwingine.

Emérence akamsomea. Odyek alisifiwa, akaaga, akakata simu, kisha akafungua barua zilizotumwa ili aione sentensi yake nzuri kwa macho. Aliiona. Chini yake akaona pia neno "unyenyekevu." Alikuwa hajawahi kulitumia neno hilo tangu azaliwe. Hakuwa na hakika hata linaandikwaje.

Akafungua barua nyingine, na nyingine. Unyenyekevu kila mahali.

Alimwita Omolo, akafunga mlango.

"Kuna adui ndani ya barua," alisema kwa sauti ya chini.

"Labda mtu wa ofisi, afande?" Omolo aliuliza kwa uangalifu, maana mwenyewe alikuwa ametoka kusoma ile ya Emérence dakika chache nyuma.

"Hapana. Watu wa ofisi nilipatia amri. Adui iko nje. Iko na elimu." Alitafakari. "Pengine ni kampuni ingine. Wanataka kuniharibia jina."

"Lakini afande, jina limekuwa zuri."

"Hiyo ndiyo mbinu yao!"

Jambo la kwanza alilofanya ni kubadilisha paswedi. Ya zamani ilikuwa MejaOdyek1. Kesho yake alikaa nayo asubuhi nzima akitafuta neno ambalo hakuna jasusi angeweza kulifikiria, akapata: MejaOdyek2.

Mara simu ikalia. Alikuwa Akumu. "Afande, kompyuta imenifukuza! Nataka paswedi!"

Mtandao wa simu ulikuwa mbaya ndani ya chumba. Odyek akatoka kwenye veranda juu ya duka la dawa, akainama upande wa barabara ambako magari yalikuwa yamesimama kwenye foleni, akapaza sauti. "Meja! Herufi kubwa! Halafu Odyek! Hapana acha nafasi! Halafu mbili!"

"Mbili ya maneno au ya namba?" Akumu alipaza sauti pia, na nusu ya soko la Nakawa ikanyamaza isikilize.

"Ya namba! Na hapana ambia mtu!"

Omolo hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Na kule Mbuya, Kaltumi alipokuta kompyuta inamuuliza paswedi, alimfikiria mumewe kwa muda wa kunywa funda moja la chai. Kisha akaandika MejaOdyek2, na mlango ukafunguka.

Siku iliyofuata unyenyekevu ulikuwa bado upo.

Odyek hakulaumu veranda. Alihitimisha kwamba jasusi ni hodari kuliko alivyodhani, na moyoni, ingawa asingekiri, alifurahi kidogo. Tangu astaafu hakuwa amepata adui wa maana. Akapanga mtego. Akaandika barua ya uongo, akaiacha kwenye rasimu bila kuiwekea anwani ya mtu yeyote, ili asomaye awe jasusi peke yake:

"Kwa rafiki. Siri yote ya kampuni niko nayo. Nimechoka na hii maisha. Kesho saa kumi, stoo ya Nakawa. Kuja peke yako. Nitabeba bahasha."

Hakumwambia mtu. Atakayekuja stoo saa kumi ndiye.

Akumu alikuwa wa kwanza kuisoma. Yeye hakuona siri wala bahasha, aliona tu "nimechoka na hii maisha." Akajua afande ametishwa na majambazi, na kwamba wanamleta kwenye stoo yake, mbele ya viatu vyake. Akampigia Hamim, ambaye alikuwa amerudi kazini akichechemea, akamwambia aje na kirungu.

Kaltumi aliisoma baada ya sala. Aliona "rafiki," akaona "kuja peke yako," akaona "nimechoka," na alipofikia bahasha machozi yalikuwa yamejaa. Miaka yote hii. Alitaka kuifuta. Kisha akaona ni bora aende amwone huyo rafiki uso kwa uso. Hata hivyo kabla ya kufunga alirudi akafuta "Kuja," akaandika "Njoo," na "hii maisha" akaifanya "maisha haya." Alilia huku akisahihisha.

Wa mwisho alikuwa Omolo. Yeye alielewa mara moja, au alidhani ameelewa: mkubwa anauza kampuni. Rafiki ni nani kama si yule Mama Emérence mwenye maghala, anayepiga simu kila siku? Kiswahili cha barua kilikuwa safi, kwa hiyo ilikuwa tayari kutumwa, ila mzee amesahau kuweka anwani, kama kawaida ya wazee. Omolo alitaka mmiliki mpya wa kampuni amwone kuwa mtu wa msaada. Akaweka anwani ya Emérence, akabofya tuma.

Kesho yake Odyek alifika Nakawa mapema. Aliegesha gari mbele ya stoo, akavaa miwani nyeusi, akafungua gazeti mbele ya uso. Kila aliyepita alimsalimu.

"Afande, habari ya leo? Gari imeharibika?"

"Pita," alisema Odyek nyuma ya gazeti.

Saa kumi ilipokaribia akaona ni vizuri amngojee adui ndani. Akachukua bahasha ya kaki, akaijaza kurasa za gazeti ili ionekane nene, akainua kola ya koti, akaingia stoo kwa mlango wa nyuma.

Ndani kulikuwa na giza la maboksi. Hamim alikuwa amejibanza nyuma ya viatu namba kumi. Aliona mtu mwenye miwani na bahasha anaingia kwa kunyata, naye hakungoja salamu. Mguu haukumzuia. Alimrukia, akamlaza chini kifudifudi, akamkalia mgongoni.

"Nimekamata!" alipiga kelele. "Mama Akumu, nimekamata!"

Akumu alitoka na ufagio. "Mpige! Usimpe nafasi!"

"Ni mimi!" alisema yule wa chini, mdomo wake ukiwa kwenye sakafu. "Ni Meja!"

"Wote wanasema hivyo," alisema Hamim, akamkandamiza zaidi.

Hapo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia Kaltumi, mtandio umepeperushwa na bodaboda, akitafuta mwanamke. Alimkuta Akumu ameshika ufagio na mumewe chini ya mlinzi. Nyuma yake akaingia Omolo, amevaa tai. Na nyuma ya Omolo akaingia Emérence mwenyewe na dereva wake, ameshika simu mkononi, barua ikiwa imefunguliwa.

"Niko natafuta Meja," alisema Emérence. "Ananiandikia nije peke yangu, lakini mimi siendi mahali peke yangu."

Hamim akatazama chini. Akaiondoa ile miwani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kampuni ianzishwe kwa mlinzi wa Jicho Halilali kukamata mtu, na hakujua afurahi au akimbie. Akasimama, akapiga saluti.

Odyek aliketi kwenye boksi la viatu. Alipangusa vumbi mdomoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Nani alisoma barua yangu?"

Akumu akanyoosha mkono. Omolo akanyoosha. Kaltumi akanyoosha wa mwisho.

"Lakini nilitoa amri!"

"Na sisi tulitii, afande," alisema Omolo. "Tulisoma, tukaona haituhusu."

"Na anwani? Mimi sikuweka anwani."

"Niliona umesahau. Nikaweka."

Odyek alimgeukia mkewe. "Na wewe? Wewe uko na kompyuta wapi?"

"Ile ya sebuleni. Uliiacha wazi ulipougua."

"Ile?" Alionekana kama mtu anayekumbuka kwamba nyumba ina chumba kingine. "Basi unyenyekevu…"

"Ni wangu," alisema Kaltumi.

Emérence aliketi bila kukaribishwa. "Subirini kwanza. Ile neno ya mlinzi akiumia. Kwenda kumwona yeye kwanza, kilichoibiwa baadaye. Hiyo nayo ni ya mama?"

"Ni yangu pia," alisema Kaltumi, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Kwa miezi mingi sentensi zake zilikuwa zimetembea mjini kwa jina la mtu mwingine. Si vibaya kuzisikia zikiulizwa mama yao ni nani.

"Ni neno nzuri," alisema Emérence. "Na ni ya kweli?"

Emérence akamgeukia Hamim, akautazama mguu wake. "Wewe uliumia, ndiyo? Nani alikuja kukuona?"

Hamim alimtazama Odyek, akamtazama Kaltumi. Alikuwa mtu wa heshima, na alitafuta njia ya kusema ambayo isingemuumiza mtu. Haikuwepo.

"Mapumziko nilipewa, mama. Nashukuru. Lakini kuja kuona… hapana. Hakuna aliyekuja."

Fahari ilimtoka Kaltumi usoni. Alikuwa amesahihisha barua zote za kampuni, na zote zilikuwa zimenyooka. Kumbe alikuwa anamshonea mumewe kanzu ya mtu mwingine, na kila mteja akaipigia makofi kanzu. Kaltumi alimjua Hamim kwa jina, kwa mguu na kwa dawa zake. Alijua hata mwizi alikimbilia upande gani. Hakuwahi kuuliza anaishi wapi.

Emérence alisimama. "Kampuni yenu inaandika vizuri sana," alisema. "Mkianza kufanya, nipigieni simu. Msiniandikie." Akaondoka na dereva wake.

Omolo alilegeza tai. Akumu alianza kufagia, ingawa hapakuwa na taka.

Njiani kurudi Mbuya mume na mke walikwama kwenye foleni. Hapo Odyek akauliza, akitazama mbele, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema Kaltumi. "Na mimi nilikuwa nafurahi."

"Ulidhani niko na mwanamke?"

"Ulisema 'rafiki.' Ulisema umechoka na maisha."

"Hiyo ilikuwa mbinu."

"Mbinu zako, Odyek, nizifahamu vipi?"

Odyek alicheka kidogo puani, bila kutaka. Halafu akauliza yule kijana Hamim anaishi wapi. Kaltumi hakujua. Wakampigia Akumu, naye hakuhitaji kufikiri: Kinawataka, chini tu ya kilima chao, karibu na kisima.

Walikwenda Jumapili, Odyek akitoka kanisani. Walibeba kuku na sabuni. Mke wa Hamim alikuwa anafua, na kwa kuwa hakuwahi kumwona mkubwa wa mumewe, alidhani ni watu wa kanisa fulani wanaotafuta waumini. Aliwaambia kwa upole kwamba familia hii ni ya Kiislamu, akawaelekeza nyumba ya jirani. Hamim alipotoka na kuwatambua ilimbidi Odyek aeleze sababu ya kuja, na maneno hayakuwa rahisi. Alikuwa na hotuba. Aliianza kwa "Kampuni inatambua," akaikatisha.

"Mguu naendaje?" aliuliza.

Kidonda hakikuwa kimepona. Kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cha shati. Kaltumi alikifungua, akakitazama, na kesho yake Odyek alimpeleka Hamim hospitali kwa gari lake, akaketi naye kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima. Hakuna muuguzi aliyemwita Meja. Waliuliza, "Mzee, wewe ni mgonjwa au msindikizaji?"

Kuhusu barua pepe, kila mtu alifunguliwa anwani yake. Omolo alipewa ya zamu, Akumu ya stoo, na Kaltumi, aliyekubali kuja ofisini siku tatu kwa wiki, akapewa ya wateja. Odyek alijiwekea yake peke yake, yenye paswedi ndefu aliyoisahau kabla ya Ijumaa. Haikumsumbua sana, maana hakuna aliyemwandikia humo. Mara mojamoja alisimama nyuma ya kiti cha mkewe na kumwambia cha kujibu. Kaltumi aliandika kama alivyosema, neno kwa neno, kisha akamuuliza, "Hili tutalifanya?" Ikiwa hawezi, lilifutwa. Barua za kampuni zikawa fupi mno.

Simu waliyompigia Emérence ilimkuta kwenye safari. Aliporudi hakuwaambia lolote, akaenda Kinawataka mwenyewe, akaongea na mke wa Hamim. Baada ya hapo akawapa ghala moja, dogo kuliko yote, analowekea magunia matupu. Omolo aliona ni dharau, akasema wazi wakatae. Odyek naye alifikiri ni dharau, lakini akauliza zamu ya kwanza ianze lini.

Haukupita mwezi, Hamim, aliyepangwa kulinda ghala hilo, akahitajika kurudi hospitali kutazamwa mguu, na siku hiyo mlinzi wa kumshikia zamu alikuwa msibani Mubende. Hapakuwa na mtu wa kusimama kwenye ghala. Odyek alichukua yunifomu stooni. Iliyokuwepo ilimbana tumboni, na Akumu alimfungia vifungo huku akizuia kicheko. Akasimama langoni tangu asubuhi. Jua la Nakawa halikumjali. Kufikia mchana miguu ilikuwa inamwaka, naye alielewa kwa mara ya kwanza namna mtu mzima na akili zake anavyoweza kufumba macho akiwa wima.

Alasiri gari la Emérence likafika, na lori nyuma yake. Emérence alikuwa kwenye simu, akiongea kwa haraka juu ya mzigo uliokwama mpakani. Alishusha kioo bila kumtazama mlinzi usoni.

"Fungua, baba," alisema.

Odyek akafungua. Gari likapita. Lori lilipotaka kufuata aliinua mkono, akalisimamisha, akazunguka nyuma yake polepole kwa miguu inayouma, akaanza kukagua magunia matupu.